Kusawazisha Sakafu ya Karakana kwa Mikono Yako Mwenyewe

Karakana nyingi za Unguja na Pemba hazikujengwa ziwe karakana. Aghalabu lilikuwa banda la gari, baraza la nyuma lililozungushiwa ukuta au chumba cha duka, ambamo zege jembamba lilimwagwa juu ya kifusi kisichoshindiliwa vizuri, na baadaye mwenyewe akaingiza meza ya useremala, mashine ya randa na msumeno wa meza. Hapo ndipo kasoro ya sakafu inapojitokeza. Mashine yenye miguu minne hukalia mitatu, seremala huchonga kabari ya mninga na kuipigilia chini ya mguu unaoning'inia, na mtikisiko wa kazi huing'oa kabari hiyo kabla ya wiki kwisha. Fremu ya mlango iliyopimwa kwa uangalifu hutoka imepindana, kwa sababu iliunganishwa juu ya sakafu iliyopindana. Fundi wa magari naye hulazimika kuweka jeki kwenye mteremko, jambo linalohatarisha maisha yake moja kwa moja.

Sakafu kama hiyo inaweza kurekebishwa na mwenye karakana mwenyewe akiwa na wasaidizi wawili, bila mashine kubwa, ilimradi akubali kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kupima na kuandaa, na kwamba kumwaga zege ni sehemu yake fupi. Sakafu mpya zinazobanduka vipande vipande mara nyingi hazikupungukiwa saruji. Zilimwagwa juu ya vumbi, juu ya mafuta, au juu ya sakafu ya zamani iliyokuwa bado inazama.

Chanzo cha kasoro kijulikane kwanza

Sakafu iliyopinda kwa sababu aliyeimwaga alisawazisha kwa macho ni ngumu, imetulia, na inaweza kupokea tabaka jipya juu yake bila wasiwasi. Sakafu iliyopinda kwa sababu ardhi chini yake imesogea ni jambo jingine kabisa, na kuiongezea uzito wa zege ni kuizidishia maradhi. Tabaka la zege lenye unene wa sentimita 5 lina uzito unaokaribia kilo 120 kwa kila mita moja ya mraba, na uzito huo wote unakwenda juu ya kifusi kilekile kilichoshindwa mwanzo.

Ili kuzitofautisha, chukua nyundo ya wastani na utembee chumba kizima ukigonga kila hatua nusu. Zege lililokaa juu ya ardhi imara hutoa mlio mkavu na mfupi, na mkono huhisi nyundo ikirudishwa. Mahali palipo na uwazi chini, mlio huwa mzito na wa ndani kama wa pipa. Zungushia chaki kila mahali penye mlio wa namna hiyo. Kisha angalia nyufa. Ufa mwembamba kama unywele ambao pande zake mbili ziko kimo kimoja kwa kawaida ni ufa wa zege kukauka haraka, na hauna madhara makubwa. Ufa ambao upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, kiasi kwamba kidole kinahisi ngazi kinapopita juu yake, unaonyesha kuwa sakafu imezama au imeinuliwa. Piga mstari wa penseli unaoukata ufa huo, pima upana wake, andika tarehe pembeni, na uangalie tena baada ya mvua za masika na tena katikati ya kaskazi. Ikiwa upana unabadilika, ardhi bado inacheza.

Aina ya ardhi ina usemi mkubwa hapa. Katika mabonde mengi ya Pemba na sehemu kadhaa za magharibi ya Unguja kuna udongo wa kinamo, ambao huvimba ukinywa maji ya masika na kunywea unapokauka, na sakafu iliyolazwa juu yake bila tabaka nene la kifusi kizuri hupanda na kushuka kila mwaka. Upande wa mashariki ya Unguja, kuanzia Makunduchi kupitia Jambiani na Paje, ardhi ni mawe ya matumbawe, ambayo ni imara lakini hayana uso ulionyooka na yana mashimo. Pale sakafu huzama katika madoa, mahali ambapo mchanga wa kujazia umeteremka kwenye tundu. Miti nayo isisahaulike. Mzizi wa mkungu au mwembe uliopandwa karibu na ukuta unaweza kuinua sakafu kwa sentimita kadhaa, na hakuna tabaka litakaloushinda mzizi huo mpaka ukatwe.

Pale ambapo sakafu imezama, sehemu hiyo ivunjwe na kuondolewa, kifusi kitolewe mpaka kwenye ardhi ngumu, kisha kirudishwe kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, kila tabaka likinyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa mpaka kisigino kisiache alama. Ndipo zege jipya limwagwe kwa kimo cha lile la zamani, na kusawazisha kufuate baadaye. Ni kazi ya kuchosha, lakini kila anayeiruka huirudia.

Kuna majengo ambayo maelekezo haya hayayahusu. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zimezoea kupumua unyevunyevu unaopanda kutoka ardhini. Ukiziba sakafu ya chini ya nyumba hiyo kwa saruji ngumu, unyevunyevu uliokuwa ukitokea sakafuni hukimbilia ukutani, nao huipukutisha plasta ya chokaa na kuacha chumvi nyeupe. Aidha, Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ukarabati ndani yake huhitaji ruhusa ya mamlaka ya hifadhi. Mwenye karakana huko atafute fundi wa chokaa.

Kupima kwa mpira wa maji

Watu wengi hujaribu sakafu kwa gololi au kwa kumwaga maji. Njia hizo huonyesha upande wa mteremko, lakini haziwezi kukuambia ni milimita ngapi, na bila milimita huwezi kujua unene, gharama, wala kama mlango utafunguka kazi ikiisha. Pima maji ya kawaida nayo ni fupi mno kwa chumba kizima. Chombo kinachofaa ni mpira wa maji: bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lenye kipenyo cha milimita 8 hadi 10, lenye urefu unaozidi mshazari wa chumba kwa mita mbili au tatu.

Ujaze mpira kwa kuvuta maji kutoka ndoo iliyowekwa juu, polepole, na uukague kwa urefu wake wote dhidi ya mwanga. Kiputo kimoja cha hewa kilichojificha kwenye mkunjo kinatosha kuharibu kipimo cha chumba kizima. Ukikiona, inua sehemu hiyo na uipigepige kwa kidole mpaka kiputo kitembee na kutoka. Kisha shika ncha mbili za mpira pamoja, bega kwa bega. Maji yakiwa kimo kimoja katika ncha zote mbili, mpira ni mzima. Unapopima, vidole gumba viondolewe kwenye midomo ya mpira kwa wakati mmoja, na msome baada ya maji kuacha kuyumba.

Weka alama ya kwanza ukutani, takriban mita moja kutoka sakafuni, kisha uihamishe kwa mpira hadi kwenye pembe zote nne na katikati ya kila ukuta. Unganisha alama hizo kwa uzi uliopakwa chaki ili upate mstari unaozunguka chumba. Huo ndio mstari wa rejea, na usifutwe mpaka kazi iishe. Baada ya hapo vuta uzi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine juu ya mstari huo, ukaze sana ili usining'inie katikati, na kila baada ya mita moja pima kutoka uzi hadi sakafu. Andika namba kwa chaki sakafuni palepale na kwenye karatasi pia. Namba ndogo ina maana mahali pamepanda, na namba kubwa ina maana pameshuka.

Tuchukue mfano wa karakana ya mita 6 kwa 4. Kwa kupima kila mita, kuta zikihesabiwa, utapata vituo 35. Tuseme namba ndogo kabisa ni milimita 982, kubwa kabisa ni 1,031, na wastani wa zote ni 1,004. Tabaka jipya linalogandishwa juu ya zege la zamani halipaswi kuwa jembamba kuliko milimita 25 mahali popote, kwa hiyo juu ya kituo kilichopanda zaidi sakafu mpya itafika 957. Wastani wa unene utakuwa 1,004 kutoa 957, yaani milimita 47, na eneo la mita za mraba 24 litahitaji mita za ujazo 1.13 za zege. Sasa iangalie tena karatasi yako. Mara nyingi vituo vilivyopanda ni viwili au vitatu tu, na vinavyofuata viko chini kwa zaidi ya sentimita moja. Ukivichonga hivyo vichache mpaka vifike 994, sakafu mpya itakaa kwenye 969, wastani wa unene utashuka hadi milimita 35, na zege litakuwa mita za ujazo 0.84. Umepunguza robo ya vifaa vyote kwa kazi ya tindo ya siku moja, na mlango wako umeokoa milimita 12. Ndiyo maana nasisitiza karatasi itangulie.

Kabla ya kukubali kimo hicho kipya, kagua mlango. Pima nafasi iliyo kati ya ubao wa chini wa mlango na sakafu, na ujue kama utalazimika kuukata. Kagua pia kiwanja cha nje: sakafu ya ndani iwe juu ya ardhi ya nje kwa angalau sentimita 15, la sivyo mvua kubwa ya masika itaingia karakanani.

Hapa inabidi kuamua pia ni sakafu ya namna gani inayotakiwa. Kwa useremala na uchomeleaji, chumba chote kiwe sawasawa kwa pima maji, na ubao ulionyooka wa mita mbili ukilazwa popote, uwazi chini yake usizidi milimita 5. Kwa karakana ya magari, sehemu ya kuwekea jeki na stendi ibaki sawa kabisa, lakini mita moja ya mwisho karibu na mlango ishuke kwa sentimita moja kuelekea nje, ili maji ya gari lililoloa yatoke yenyewe. Mteremko katika chumba kizima, ambao wengine huupenda kwa ajili ya kuosha, ni kero ya kila siku kwa mtu anayefanya kazi ya vipimo.

Kuandaa uso wa zamani

Hii ndiyo sehemu inayoamua kama sakafu itaishi. Zege jipya halishikani na uso laini, hasa sakafu iliyopigwa niru, yaani rojo la saruji lililosuguliwa mpaka likateleza. Niru na rangi yoyote viondolewe vyote kwa tindo na nyundo, au kwa mashine ya kusagia yenye sahani ya almasi kwa anayeweza kuikodi, mpaka kokoto za zege la zamani zionekane. Uso ukiguswa kwa kiganja ukwaruze. Vumbi linalotoka hapa ni baya kwa mapafu, kwa hiyo nyunyizia maji unapochonga, vaa barakoa nzuri ya vumbi pamoja na miwani, na usimruhusu mtoto kukaa karibu.

Madoa ya mafuta yanahitaji uangalifu wa pekee katika banda lililolala magari. Sugua kwa maji moto, sabuni ya unga na brashi ya waya, suuza, acha pakauke, kisha dondoshea matone machache ya maji juu ya doa. Maji yakinywewa, pamesafika. Yakibaki kama shanga juu ya uso, mafuta bado yamo. Doa lililozama la miaka mingi halisafishiki, na dawa yake ni kuchonga zege hilo kwa kina cha sentimita moja au zaidi mpaka ufike kwenye zege lenye rangi yake ya asili.

Unyevunyevu nao upimwe. Bandika kipande cha nailoni nzito chenye upande wa sentimita 45, uzibe kingo zake zote kwa utepe wa gundi, na ukiache mpaka kesho yake, angalau saa 16. Ukikuta matone chini ya nailoni au zege limekuwa jeusi, maji yanapanda kutoka ardhini. Tabaka la kugandishwa bado linawezekana, lakini usifunike kwa rangi wala zulia la plastiki baadaye. Pakiwa na unyevunyevu mwingi, ni bora kutandika nailoni nzito juu ya sakafu ya zamani na kumwaga juu yake tabaka lisiloshikana nayo, ambalo ni lazima liwe na unene wa angalau milimita 50.

Fagia kwa ufagio wa chelewa, kisha kwa brashi laini, kisha osha. Usiku wa kuamkia siku ya kumwaga, iloweshe sakafu mpaka ishibe maji, na alfajiri ondoa madimbwi yote kwa tambara. Zege la zamani likiwa kavu litafyonza maji ya zege jipya na kuliacha likipukutika chini. Likiwa na maji yaliyosimama, litalifanya zege jipya kuelea. Linalotakiwa ni zege lililoshiba ndani na lisilong'aa maji juu.

Vifaa na mchanganyiko

Usitumie mchanga wa pwani. Chumvi yake hula nondo na boliti za mashine, na huvuta unyevunyevu hewani hata sakafu ikawa na jasho siku za mvua, huku uchimbaji wenyewe ukiwa umekatazwa na fukwe zetu zikiendelea kuliwa na bahari. Mchanga wa mashimo ya ndani, unaochimbwa kwa kibali, ununuliwe mapema na uchekechwe. Weka konzi moja katika glasi ya maji, tikisa, na uache utulie: ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, uoshe au uurudishe kwa muuzaji.

Saruji iwe ya daraja la nguvu la 42.5 ikipatikana. Mifuko mingi huvuka bahari kutoka Bara na kukaa ghalani katika hewa yetu yenye unyevunyevu, kwa hiyo bonyeza kila mfuko kabla ya kulipa. Mfuko uliofanya mabonge yasiyovunjika kwa vidole usichukue, hata kwa nusu bei. Nyumbani iweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kwa sakafu ya kazi nzito sishauri mchanganyiko wa saruji na mchanga peke yake, maana magurudumu ya jeki na miguu ya mashine huusaga. Tumia kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na viwili vya kokoto ndogo zilizopita kwenye chekecheke la milimita 8. Kokoto za mawe magumu kutoka Bara ni bora kuliko za matumbawe, ambazo ni laini na hunywa maji mengi. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35, kwa hiyo kwa mfuko mmoja utatia ndoo tatu na nusu za mchanga na tatu na nusu za kokoto, kwa ndoo ya lita 20. Mchanga wenye unyevu huvimba na kukudanganya, basi ongeza ndoo yake kwa takriban robo. Kwa mfano wetu wa mita za ujazo 0.84 itahitajika mifuko 8 pamoja na akiba kidogo.

Changanya pakavu kwanza, kwa chepe, mara tatu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa yawe machache zaidi. Chukua konzi na ulibonyeze: likishika umbo la kiganja bila kuchuruzisha maji kati ya vidole, limekuwa. Wasaidizi hupenda kuongeza maji ili chepe liteleze, na hapo ndipo nguvu ya sakafu inapopotea, kwa hiyo mwenye kazi asimamie ndoo ya maji yeye mwenyewe.

Kumwaga na kusawazisha

Chagua kipupwe kama unaweza, yaani Juni hadi Agosti, wakati jua ni pole. Kazi ianze saa 12 na nusu asubuhi, na iwe imefungwa kabla ya jua la saa 5. Gawa chumba katika mikanda yenye upana wa mita 1.2 hadi 1.5, ili mkono ufike pande zote, ukianza kwenye ukuta ulio mbali na mlango na kurudi nyuma. Mikanda ya kwanza, ya tatu na ya tano imwagwe siku moja, na ile ya katikati siku nyingine. Mahali ambapo zege la zamani lina kiungo, zege jipya nalo liwe na kiungo juu yake hasa, kwa sababu ufa utatokea hapo utake usitake. Kando ya kuta weka ukanda wa boksi gumu au polistirini ya sentimita moja.

Pande mbili za mkanda laza papi, yaani mbao nyembamba, zilizonyooka juu ya mafungu madogo ya zege, na uzisawazishe kwa kushusha kipimo kutoka kwenye uzi wa rejea: katika mfano wetu, mgongo wa papi uwe milimita 969 chini ya uzi, kila mahali. Usikimbie hapa. Papi iliyokaa vibaya kwa milimita 5 itaacha kosa hilo kwenye sakafu kwa maisha yake yote. Mafungu yakishagandamana na papi hazitikisiki, anza.

Koroga saruji na maji mpaka upate rojo zito kama uji, ukiongeza gundi ya zege ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo ikiwa umeipata, na ulisugue kwa brashi ngumu ndani ya vitundu vya zege la zamani. Pakaa eneo dogo tu, kiasi cha mita moja mbele ya zege linalomwagwa. Rojo likikauka na kuwa jeupe kabla ya kufunikwa, halishikishi tena bali linatenganisha. Likwangue na upake upya.

Mwaga zege, litandaze kwa chepe likiwa juu ya papi kwa kiasi cha sentimita moja, lishindilie vizuri kwa ubao au mgongo wa chepe, hasa pembeni, kisha vuta rula ya aluminiamu juu ya papi ukiichezesha kushoto na kulia kama msumeno. Mbele ya rula kuwe na zege dogo linalosukumwa muda wote. Likikosekana, kutabaki bonde. Jaza mabonde, vuta tena. Kisha ng'oa papi upande uliomaliza na ujaze mfereji wake kwa zege lilelile, isipokuwa pale ambapo papi ni ukingo wa mkanda wa siku ya pili. Zege lililochanganywa litumike ndani ya saa moja. Lililoanza kukaza lisizimuliwe kwa maji, litupwe.

Subiri maji yanayopanda juu yatoweke yenyewe na uso ufifie, ndipo upitishe mwiko wa mbao kwa mizunguko, na baadaye, kiganja kikibonyeza bila kuzama, upitishe mwiko wa chuma mara moja au mbili. Mazoea ya kunyunyiza saruji kavu ili kukausha maji hayo yaachwe kabisa, kwa kuwa hutengeneza ngozi dhaifu inayobanduka kwa magamba. Vivyo hivyo niru ya kung'aa. Ni nzuri sebuleni, na sakafu nyekundu za wazee wetu zilizosuguliwa zinapendeza mno, lakini karakanani, juu yake kukimwagika unga wa mbao au oili, mtu akiwa mbele ya msumeno unaozunguka huteleza. Uso wa mwiko wa mbao uliolainishwa kidogo tu ndio unaofaa.

Saruji mbichi huunguza ngozi bila maumivu ya haraka. Vaa mabuti ya mpira na glavu, usipige magoti moja kwa moja kwenye zege, na kilichogusa ngozi kioshwe papo hapo kwa maji mengi.

Sehemu ndogo na mabonde ya pekee

Pengine karakana nzima ni nzuri isipokuwa bonde moja. Usijaze bonde hilo kwa kupaka zege linalokwisha kwa ukingo mwembamba kama karatasi, kwani ukingo huo ndio utakaovunjika kwanza. Kata mfereji wenye kina cha milimita 25 kuzunguka bonde, ukingo wake ukiwa wima, chonga ndani yake, na zege lako liishie kwenye ukingo huo. Kwa tofauti iliyo chini ya sentimita moja katika eneo pana, dawa ni unga maalumu wa saruji inayojisawazisha, ambao hutumia takriban kilo 1.7 kwa mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Ni ghali, na ununue tu ule ulioandikwa kuwa unastahimili mzigo bila kufunikwa, kwa sababu aina nyingi zimetengenezwa zikae chini ya vigae.

Kuitunza mpaka ikomae

Zege haliwi gumu kwa kukauka. Hukomaa kwa kunywa maji. Likinyimwa maji siku za mwanzo huishia na uso wa vumbi, hata kama saruji ilikuwa nyingi. Siku ileile, uso unapostahimili mguso, funika kwa magunia yaliyoloweshwa na juu yake nailoni, na uyaweke magunia hayo katika hali ya kulowa kwa siku 7 kamili, asubuhi na jioni. Ziba madirisha yanayopitisha upepo wa kusi. Usitumie unga wa mbao badala ya magunia ingawa unao mwingi, kwa kuwa baadhi ya mbao hutoa rangi na kemikali zinazodhuru uso ambao bado haujakomaa.

Kutembea juu yake kunawezekana baada ya siku mbili. Baada ya siku 7 sakafu huwa imefikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake, na meza nyepesi zinaweza kurudi. Mashine nzito na magari yasubiri siku 28. Katika muda huo gonga tena kwa nyundo nyepesi chumba kizima. Mahali pakilia wazi, tabaka halikushika, na sehemu hiyo ikatwe na kumwagwa upya kabla ya kuwekewa mzigo. Madoa madogo kwenye pembe zisizopitiwa unaweza kuyaacha.

Boliti za kushikia mashine zitobolewe baada ya siku hizo 28, zipite tabaka jipya na kuingia katika zege la zamani, na zisikae karibu na ukingo wala kiungo kwa chini ya sentimita 10. Mwenye gereji anayetaka kuzuia oili kuzama anaweza kupaka rangi ya epoksi, lakini arudie kwanza kipimo cha nailoni cha saa 16, na asipake mpaka nailoni itoke kavu kabisa, kwa sababu unyevunyevu ulionaswa chini huiinua rangi hiyo kwa malengelenge na kuibandua.